Bangi na Fundi Aliyeoga Mchana Kutwa

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya vijana kuwaeleza habari za bangi, niliwadanganya. Sikujua kwamba nadanganya, na hilo halinipunguzii kosa. Ilikuwa Kawangware, sehemu ya 46, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa na mlango mpya wa chuma ambao bado ulinuka rangi. Nilikuwa nimevaa sare yangu nyeupe, imepigwa pasi ya makaa mpaka ingeweza kusimama yenyewe, na kofia kichwani, kwa sababu siku hizo muuguzi bila kofia alikuwa kama mhubiri bila Biblia. Nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Kijana akivuta bangi hata mara moja, anarukwa na akili. Kesho yake mtamwona anaokota makaratasi barabarani."

Mkono ukainuka kutoka nyuma. Alikuwa kijana mrefu, mikono yake imejaa alama ndogo za kuungua kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia.

"Madam, naitwa Ouma. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hii kitu nimevuta tangu nikiwa form two. Huo mlango umeingia nao, ni mimi niliutengeneza wiki jana." Akawageukia wenzake kama wakili. "Sasa niambie, makaratasi yangu iko wapi?"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mwingine akadakia, "Madam, mwangalie kwa mfuko!" Hata mzee wa kanisa aliyenialika alijifanya anakohoa. Nilikaa chini, na tangu dakika ile hakuna aliyenisikiliza tena, hata niliposema mambo ya kweli.

Tuliporudi kwenye kituo chetu cha afya, mkubwa wangu, Sista Nekesa, mama mnene aliyetembea polepole lakini akafika kabla ya kila mtu, hakunigombeza. Alinimiminia chai akasema, "Mwikali, ukimdanganya mtu kuhusu kitu anachokijua, hatakuamini kuhusu kile asichokijua. Umewatisha. Sasa jifunze kuwaeleza."

Nimestaafu sasa. Naishi kwa mwanangu karibu na Nyayo Highrise, na kutoka ghorofa ya tatu naona mabati ya Kibera yakimeta asubuhi. Vijana wa jirani hunipitia wakanisalimia, "Sasa, Sista!" na mara kwa mara mmoja huketi akaniuliza mambo ambayo hawezi kumuuliza mama yake. Maswali mengi ni yale yale niliyoulizwa Kawangware. Kwa hiyo nimeona niyaandike majibu, pamoja na makosa yangu, maana makosa ndiyo yaliyonifunza.

Wacha nianze na lile nililopaswa kusema siku ile. Bangi ni mmea. Ndani yake mna kemikali nyingi, na iliyo maarufu zaidi huitwa THC. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu, ikapanda kwenye ubongo, ikamfanya mtu acheke bila sababu, aone saa moja kama saa tatu, macho yawe mekundu, moyo uende mbio, na njaa imshike hadi ale ugali wa jana bila mboga. Wengine haiwachekeshi. Inawatia hofu tu, wanahisi kila mtu anawatazama. Ukiivuta huja upesi. Ukiila huchelewa, na hapo ndipo watu huumia. Siku hizi mnaifichia kwenye biskuti na mabuyu. Mtu anakula kipande, anangoja kidogo, haoni kitu, anaongeza. Vipande vyote viwili vinapofika pamoja, analetwa kwetu akilia kwamba anakufa. Na biskuti haijui kuchagua. Ukiiacha mezani, mtoto mdogo ataila akidhani ni biskuti, naye anaweza kulala usingizi mzito wa hatari. Huyo usimngojee aamke. Mkimbize hospitali, na useme alichokula.

Si kweli kwamba kila anayeivuta anarukwa na akili. Lakini pia si kweli kwamba hakuna. Nimewaona vijana wachache, wapole kabisa, walioanza kusikia sauti na kuamini kwamba redio ya jirani inawasema. Wengi wao walianza wakiwa wadogo, walivuta bangi kali kila siku, au walikuwa na jamaa aliyewahi kuugua akili. Kama kwenu kuna ugonjwa huo, mwanangu, bangi kwako ni kama kuwasha jiko karibu na pazia. Huenda lisishike moto. Lakini kwa nini ujaribu?

Na ubongo wa kijana bado unajengwa. Haumaliziki ukipata kitambulisho, unaendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Anayevuta kila siku akiwa shuleni utamwona anasoma ukurasa mmoja mara nne, anasahau alichotumwa, anaacha mambo aliyoyapenda. Si mjinga. Ni kama redio isiyoshika stesheni vizuri.

Kuna walioniambia, "Sista, lakini ni mmea wa Mungu." Nami huwajibu kwamba hata upupu ni mmea wa Mungu, tia shatini uone. Moshi ni moshi. Kifua hakiulizi umetoka kwenye jani gani.

Sista Nekesa alinifundisha jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni. Kila kijana aliyeletwa na mama yake, ukimuuliza mbele ya mama, "Unavuta bangi?" atasema hapana. Hata kama bado inanuka kwenye sweta. Kwa hiyo kituoni kwetu tulikuwa na muhuri mmoja, na muhuri huo uliwekwa makusudi chumba cha mwisho cha korido. "Mama, tafadhali peleka kadi ikapigwe muhuri." Mama akiondoka, ndipo unavuta kiti, unakaa usawa na mgonjwa, na huulizi kama anavuta. Unauliza, "Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Unauliza huku unafunga kitambaa cha kupimia presha, macho kwenye mkono wake, kana kwamba unauliza alikula nini asubuhi. Wengi walijibu, "Jana, Sista." Hapo kazi inaanza.

Nakumbuka kadi zile za karatasi ngumu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Nakumbuka vipimajoto vya kioo tulivyovikung'uta kwa mkono hadi bega likauma, na sufuria ya kuchemshia vifaa iliyoimba mchana wote. Siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta, na muhuri uko mapokezini, ambapo mama haendi mbali. Nilipowaambia wakubwa waurudishe chumba cha mwisho, walidhani nimezeeka.

Basi, miaka ikapita, nikahamishiwa kituo kingine kidogo, Laini Saba, Kibera, hatua chache tu kutoka kwenye reli. Nilikipenda kituo kile. Treni ikipita tulinyamaza sote, mgonjwa na muuguzi, hadi ipite, kisha tukaendelea na sentensi palepale tulipoiachia. Nje kulikuwa na mama wa mandazi, muuza viatu, na safu ya mafundi wa jua kali wakigonga vyuma tangu asubuhi.

Siku moja akaingia mwanamume ameinama, ameshika tumbo, na mke wake kamshika kiunoni. Nilimtambua kwa mikono ile yenye alama. Naye akanitambua. Hata katika maumivu yale alijaribu kutabasamu.

"Ni wewe madam wa makaratasi?"

"Ni mimi, Fundi. Nini kimekupata?"

"Anatapika, Sista," mkewe akajibu kwa niaba yake, maana yeye alikuwa tayari ameinamia ndoo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, wakimwita Mama Shantel. "Siku tatu. Hata maji haikai."

Sasa hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, nami nawaomba mlisikilize vizuri. Kwetu Nairobi, mtu akishika tumbo na kutapika, kabla hajafika kitini watu wamesharidhiana kwamba ni taifodi. Mgonjwa mwenyewe huja ameshajipima kwa mdomo. Kile kipimo cha damu tulichokuwa nacho kinaweza kusema ndiyo hata kwa mtu aliyewahi kuugua zamani akapona. Kikasema ndiyo. Tukamtilia maji ya mshipa, tukampa dawa za taifodi, akapata nafuu, akaenda.

Baada ya miezi miwili akarudi vilevile. Taifodi tena. Nikamhubiria Mama Shantel kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, naye akanitazama kwa jicho kali. "Sista, mimi nachemsha maji kuliko hoteli."

Akarudi mara ya tatu. Amekonda, mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Na je, nilimuuliza lile swali la Sista Nekesa? Sikumuuliza. Nilijua anavuta, alinitangazia mbele ya ukumbi mzima. Lakini ile aibu ya Kawangware ilikuwa bado haijanitoka, sikutaka anicheke tena. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimesoma kwamba bangi hutuliza kichefuchefu, na kweli zipo dawa zilizotokana na kemikali za mmea huo, zinazopimwa kwa uangalifu na kutolewa na madaktari kwa wagonjwa fulani. Kwa hiyo kichwani mwangu bangi na kutapika vilikuwa njia mbili zisizokutana.

Mara ile ya tatu Mama Shantel alinivuta kando.

"Sista, kuna kitu nataka kusema, lakini usicheke."

"Siwezi kucheka."

"Huyu mwanaume anaoga."

Nikacheka. Mungu anisamehe. "Mama Shantel, wanawake wengine wananilalamikia kinyume. Shukuru Mungu umepata mwanaume msafi."

"Si hivyo!" Akanipiga kofi dogo la mkono. "Anaoga mchana kutwa. Maji moto, moto yenyewe, ya kuchemka. Akianza kuumwa, anakaa kwa karai kama mtoto, magoti hapa," akagusa kidevu, "na mimi ni kuongeza maji tu. Akiwa kwa maji hatapiki. Akitoka, yawa, dakika kumi ameanza. Majirani wanasema amerogwa na mtu wa kwao. Ameacha kazi. Watu wanakuja na milango yao, wanampata kwa karai."

Nyuma yetu, aliyekuwa anaandika mezani aliacha kalamu. Alikuwa Kerubo, tabibu aliyetoka chuoni mwaka uleule, msichana mdogo wa umbo ambaye wagonjwa walimpita wakitafuta "daktari mwenyewe". Hata mimi, nakiri, nilizoea kumtuma kama mwanafunzi.

"Mama, rudia hapo," akasema. "Akiwa kwa maji moto, kutapika kunaacha?"

"Kabisa."

Kerubo akanigeukia. "Sista Mwikali, huyu anavuta bangi?"

"Tangu form two," nikasema, na kabla sijamaliza sentensi nikahisi uso wangu ukipata joto.

Alituketisha akatueleza taratibu, bila kujionyesha. Kuna watu wachache, akasema, waliovuta bangi nyingi, karibu kila siku, kwa miaka mingi, ambao mwili wao hufika mahali ukaigeukia. Kitu kilekile kilichokuwa kinatuliza tumbo kinaanza kulisokota. Mtu hutapika kwa siku kadhaa, anapoa kwa wiki au miezi, kisha inarudi. Na dalili inayoitofautisha ni hiyo hasa, kwamba maji moto humpa nafuu. Haimaanishi kila anayetapika anavuta, wala kila anayevuta atatapika. Kwanza ni lazima kuondoa magonjwa mengine. Akampima upya, akampeleka akapigwe picha ya tumbo, akatuma damu kwenye maabara kubwa. Taifodi haikuwepo. Pengine haikuwahi kuwepo.

Tulipomwambia Ouma, alikasirika.

"Yaani mnanicheza? Ile kitu ndiyo inanisaidia! Nikisikia tumbo linaanza, navuta kidogo linatulia."

"Linatulia kwa muda gani?" Kerubo akamuuliza.

Akageukia ukuta.

"Fundi, zamani lilitulia siku nzima, sivyo? Sasa?"

"Sasa… nusu saa. Kisha natafuta maji."

Hakuwa mjinga, vijana wangu. Nataka mlielewe hilo. Alikuwa anajitibu kwa dawa aliyoiamini, na kadiri ugonjwa ulivyozidi, ndivyo alivyozidisha dawa, na dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Mtu yeyote angeweza kunasa hapo. Mimi mwenyewe, mwenye kofia na cheti, nilikuwa nimenasa kwenye taifodi mara tatu.

Niliketi karibu naye nikamwambia jambo nililopaswa kusema miaka mingi nyuma. "Fundi, siku ile Kawangware nilidanganya. Hukuwa wa kuokota makaratasi. Nisamehe. Lakini leo sikutishi, nakueleza. Dawa ya huu ugonjwa ni moja tu, kuacha. Si kupunguza. Kuacha."

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa, Sista. Leo nakusikia."

Aliacha. Baada ya wiki chache akanenepa mashavu, akarudi kwenye mashine yake ya kuchomelea, na nikipita kando ya reli alinipigia saluti na koleo. Nilijivuna. Nilimwandikia Sista Nekesa barua kijijini kwake kumsimulia.

Lakini mtu akipona husahau kitanda. Miezi minne baadaye Ouma alijiambia kwamba kama angekuwa na ugonjwa wa bangi, ungekuwa umeisha. Rafiki akampa moja "ya kuonja". Kisha ya pili. Nilijua siku walipomleta kwa mkokoteni wa kubebea maji, juu ya magunia, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Kutapika siku nne na kukaa kwenye maji ya moto, ambayo nayo hukausha mwili kwa jasho, kulikuwa kumemmaliza. Hakuwa amekojoa tangu jana yake. Kerubo aliniangalia juu ya kichwa cha Ouma, nami nikaelewa kwamba tunaogopa figo.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Siku mbili hatukujua kama atapona. Siku ya tatu figo zikaanza kuamka, na daktari wa huko akasema wazi kwamba mara nyingine huenda zisiamke.

Nilipokwenda kumwona, Mama Shantel alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na mfuko mkubwa wa safari.

"Naenda nyumbani na watoto," akamwambia, bila kupaza sauti, na kwa mwanamke kama yule, sauti ya chini ilitisha zaidi. "Siwezi kungoja hadi nikupeleke nyumbani kwa sanduku. Ukitaka kuacha, utaniambia leo. Si kesho."

Ouma hakutoa hotuba. "Kwa karakana, kwa mkebe wa vijiti vya kuchomelea. Chini yake. Nenda uchukue yote utupe kwa choo."

"Yote?"

"Yote, Mama Shantel. Na ile iko kwa koti ya mvua."

"Kwa koti ya mvua pia!" Akamtazama kama mtu aliyeibiwa mara ya pili. Kisha akauweka mfuko chini.

Nilikwenda naye hadi karakana, na mafundi wenzake walitutazama tukipita. Mmoja akasema kwa mzaha, "Mathe, si ungetuachia sisi tuitupe?" Mama Shantel akamjibu, "Njoo uitupe, lakini utaingia nayo." Kicheko kikavuka reli nzima.

Watu husema bangi haishiki mtu. Njooni mniulize mimi. Hailevyi kama pombe, wala haitetemeshi wanaoiacha kama chang'aa, lakini aliyeizoea sana akiiacha mwili hudai. Wiki ile ya kwanza Ouma hakulala. Alitoa jasho hadi godoro likaanikwa juu ya mabati. Alifoka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Aliota ndoto ndefu za ajabu, na chakula kilimchukiza. Nilimweleza tangu mwanzo kwamba haya yatakuja na yatapita, kwa wengi baada ya wiki mbili hivi, na kwamba si dalili ya kurudi nyuma, ni mwili unajipanga upya. Nadhani kuelezwa mapema kulimsaidia kuliko dawa yoyote. Mtu akijua mvua itakoma, hatoki mbio matopeni.

Na hakubaki peke yake. Hilo pia liandikeni. Kerubo alimpigia simu kila asubuhi. Mafundi wenzake, hata yule mwenye mzaha, walikubali kutovuta karibu na karakana yake, na kwa watu wa Laini Saba hiyo si ahadi ndogo. Nami nilipita kila jioni baada ya kazi, nikiwa na sukari na chumvi za kuchanganya kwenye maji, nikaketi kwenye kigoda chao.

Kama wewe unayesoma unavuta, sikuandikii kukuaibisha. Nilishaaibisha watu, haikusaidia kitu. Nakuomba tu ujiulize kwa ukweli unavuta kwa sababu unataka, au kwa sababu usipovuta siku haianzi. Kama ni hilo la pili, zungumza na mtu. Nenda kituo cha afya chochote, na muuguzi akikufokea, tafuta mwingine, wapo wenye masikio. Usiendeshe pikipiki ukiwa umevuta, maana mkono huchelewa kufuata jicho. Kama una mimba, acha bangi, mtoto hapumui hewa yake mwenyewe. Na kama rafiki yako anatapika bila kukoma, usimwache kwenye karai.

Siku ya kumi na mbili baada ya kutoka hospitali, nilifika kwao nikakuta mlango wazi na harufu ya samaki. Mama Shantel alikuwa amepika ngege na sukuma, ugali umekaa katikati ya meza kama kilima. Ouma alinawa mikono polepole. Akamega tonge, akalichovya, akatia mdomoni.

Watoto waliacha kula. Mama Shantel alisimama na mwiko mkononi. Akamega la pili, la tatu, akatoa mwiba mmoja akauweka pembeni mwa sahani, akaendelea. Treni ikapita, sote tukanyamaza zaidi ya tulivyokuwa tumenyamaza.

Alipomaliza aliinua macho akatukuta tumemkodolea.

"Mbona mnaniangalia hivyo? Mimi ni sinema?"

"Kaa tu," mkewe akasema.

Tulikaa naye. Nilitazama saa yangu ya mkononi kama nilivyozoea kuitazama nikihesabu mapigo ya moyo. Dakika kumi zikapita, ndizo zilizokuwa zikimshinda. Nusu saa ikapita. Giza likaanza kuingia na mtu akawasha taa. Saa nzima ilipotimia, Ouma aliegemea ukuta, akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, sote tukashtuka.

"Tulieni," akasema. "Nimeshiba."